Krapf: Jamaa aliyengoja mwisho wa dunia huku akituandikia kamusi

Hebu tuanze na simu yako. Kama uko kwenye kundi la WhatsApp la familia, la kanisa au la mtaa, uwe Ukunda, Kombani au Msambweni, basi ile video umeshaipata. Mtu ameketi ndani ya gari, anaitazama kamera, anakutajia tarehe. Amepiga hesabu, ameota ndoto, ameunganisha vita vya huku na tetemeko la kule. Anakwambia umebaki na wiki mbili.

Septemba 2025 ilikuwa zamu ya mhubiri mmoja wa Afrika Kusini aliyesema unyakuo ungekuwa tarehe 23 au 24 ya mwezi huo. TikTok ikawaka moto. Kuna waliodai wameuza magari yao. Tarehe 25 ikafika, na pale Likoni feri ikavusha watu kama kawaida.

Unaweza kucheka, na wengi walicheka. Ila sisi wa Pwani hatuna ruhusa ya kucheka sana. Mnamo Aprili 2023, kaskazini mwetu katika kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola. Waliozikwa mle walikuwa watu walioambiwa wafunge kula hadi wafe ili wakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Miili iliyotolewa ilipita 400. Wengi walikuwa watoto. Kabla ya hapo walikuwa wametolewa shule, wamekatazwa hospitali na wameambiwa hakuna kesho ya kujiandalia.

Kwa hivyo swali la mwisho wa dunia si la kanisani peke yake. Linaamua kama mtoto ataenda shule Jumatatu.

Leo nataka nikupe kisa cha mtu ambaye jina lake ulilikariri darasani ili upite mtihani, kisha ukalisahau. Johann Ludwig Krapf. Mwalimu alikwambia ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, basi, mkaenda somo lingine. Ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba jamaa huyu aliamini tangu ujana wake hadi jioni yake ya mwisho kwamba Kristo yuko njiani na muda umebaki mdogo. Na mtu huyohuyo akatumia miaka yake kufanya kazi ambayo ina maana tu ikiwa kesho itakuwepo.

Vipi mtu mmoja akabeba yote mawili? Twende pole pole.

Kijiji kilichokuwa na tarehe

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Wakati huo sehemu ile ilikuwa ufalme mdogo ulioitwa Württemberg, na ilijaa Wakristo walioitwa Wapietisti. Hawa walikuwa watu wa Biblia kwelikweli: wanakutana majumbani, wanaomba, wanasoma, wanachunguza kila mstari.

Na watu hao walikuwa na tarehe.

Tarehe yenyewe haikutoka kwa tapeli. Ilitoka kwa Johann Albrecht Bengel, msomi aliyefariki mwaka 1752, mmoja wa wataalamu wakubwa wa Agano Jipya la Kigiriki katika zama zake. Bengel alichukua namba zilizomo katika kitabu cha Ufunuo, akazipigia hesabu miaka mingi, akafika kwenye Juni 18, 1836. Siku hiyo, kwa hesabu yake, mnyama wa Ufunuo angeangushwa na enzi mpya ya Kristo kuanza. Kwa haki yake, Bengel aliacha mlango wazi: alisema kama mwaka huo ungepita bila mabadiliko yoyote makubwa, basi watu watafute kosa liko wapi katika hesabu zake.

Waliomsoma hawakushika sana hiyo sehemu ya mwisho. Ndivyo ilivyo hata leo. Tarehe inasambaa, tahadhari inabaki nyuma.

Sasa ongeza njaa. Mwaka 1815 volkano ya Tambora, kule Indonesia, ililipuka na vumbi lake likafunika jua sehemu nyingi za dunia. Mwaka uliofuata Ulaya haikuona kiangazi cha maana. Mazao yalioza mashambani, na Württemberg iliumia vibaya. Watu wenye njaa walipotazama mbingu iliyofifia na kukumbuka hesabu za Bengel, waliona dalili kila mahali. Mwaka 1817 maelfu walifunga mizigo wakaelekea kusini mwa Urusi na Kaukazi, wengine wakikimbia njaa, wengine wakitafuta pa kujificha kabla ya dhiki kuu. Wengi walifia njiani.

Mfalme aliona raia wake wanamwishia. Mwaka 1819 akawaruhusu Wapietisti kujenga kijiji chao wenyewe, wajitawale kwa mambo ya dini, mradi wasihame. Kijiji hicho kiliitwa Korntal. Lishike jina hilo, tutalirudia.

Wakati huo Krapf alikuwa mtoto wa miaka tisa. Huko ndiko alikokulia: mahali ambapo mwaka 1836 ulikuwa unangojwa kama vile wewe unavyongoja matokeo ya KCSE.

Mtoto aliyepigwa bure

Akiwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Akalala kitandani nusu mwaka. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya isipokuwa kusoma, na kitabu kilichokuwapo kilikuwa Biblia. Alipopona, akaanza masomo Tübingen. Babake akamnunulia atlasi. Kijana akaifungua Afrika Mashariki, akashangaa: sehemu kubwa ilikuwa tupu, majina machache tu. Akauliza kama huko kumejaa fisi peke yao.

Usiichukulie atlasi hiyo kirahisi. Palepale palipokuwa patupu kwenye karatasi yake, mababu zako walikuwa wakilima, wakivua, wakifanya biashara na Bara Hindi na Uarabuni. Karatasi ilikuwa tupu kwa sababu mchoraji hakuwajua.

Mwaka 1827 Krapf aliingia chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi. Akasoma sana vitabu vya watu wanaozama katika mambo ya siri za kiroho, hadi akajichanganya, akajiona hafai, akaacha chuo. Akarudi Tübingen kusomea theolojia, akamaliza, akapewa kazi ya kumsaidia kasisi wa kijijini. Huko ndiko alikopata matatizo. Alitoa mahubiri kuhusu siku za mwisho zilivyokaribia, na wakubwa wa kanisa hawakupendezwa. Kazi ikamwishia hapo.

Kijana wa miaka ishirini na kitu, amesoma, hana kazi, kichwani kuna mawazo ya kiyama. Huyo unamjua. Yuko mtaani kwenu. Mtu wa aina hiyo ndiye anayetafutwa na kila nabii wa tarehe, kwa sababu ana akili, ana muda na ana uchungu.

Aliyemfikia Krapf kwanza alikuwa mmisionari mmoja Mswidi, Peter Fjellstedt, na hakumpa tarehe. Alimpa kazi: nenda Afrika, jifunze lugha za watu, ukae nao.

Juni 18, 1836 ilifika. Jua likachomoza, likatua. Wapietisti wa Korntal wakaamka kesho yake wakakamua ng'ombe. Mapema mwaka 1837 Krapf alikuwa njiani kwenda Uhabeshi, ametumwa na chama cha wamisionari cha Kianglikana cha London, CMS.

Mwaka 1844

Uhabeshi nitaupita haraka. Alifukuzwa kaskazini, akakaa miaka mitatu katika ufalme wa Shoa, akaondoka mwaka 1842 kwenda Misri kumuoa mchumba wake Rosine Dietrich, na alipotaka kurudi akafungiwa mlango. Katika kuhangaika mpakani, Rosine alijifungua mtoto wa kike njiani, na mtoto akafa. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Ndipo Krapf akafikiria kuzunguka kwa bahari. Januari 1844 mume na mke walifika Zanzibar. Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa Pwani, na mwezi Mei wakahamia Mombasa.

Sasa uweke mwaka huo kichwani, 1844, kwa sababu upande wa pili wa dunia kulikuwa na tarehe nyingine.

Katika jimbo la New York, Marekani, mkulima wa kanisa la Kibaptisti aitwaye William Miller alikuwa amechukua siku 2,300 zilizotajwa katika kitabu cha Danieli, akazigeuza kuwa miaka, akapata kwamba Kristo angerudi kati ya Machi 1843 na Machi 1844. Miezi hiyo ilipopita, mfuasi wake Samuel Snow alirekebisha hesabu na kutoa siku kamili: Oktoba 22, 1844. Makumi ya maelfu ya watu waliamini. Kuna wakulima walioacha viazi ardhini bila kuvuna, kwa sababu nani angevila? Wenye maduka walifunga. Usiku wa Oktoba 22 walikaa macho wakiimba. Asubuhi ya tarehe 23 wengi walilia kama waliofiwa, na walipotoka nje wakakuta majirani wanawacheka. Wamarekani waliupa usiku huo jina: Masikitiko Makuu.

Rudi Mombasa, mwaka huohuo. Juni 8, 1844 Krapf aliketi na kadhi, Sheikh Ali bin Modehin, wakaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Fikiria picha hiyo: Mjerumani Mkristo na msomi wa Kiislamu wa Mombasa, wanatafuta pamoja maneno ya kueleza dunia ilivyoanza. Huku Marekani wenzake wanahesabu itaisha lini.

Wiki tano baadaye nyumba yake ndiyo iliyokwisha. Malaria ilimshika yeye na mkewe. Rosine alijifungua tena mtoto wa kike, na Julai 13 akafariki. Siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf, naye akitetemeka kwa homa, aliwazika upande wa bara, sehemu ya Nyali ya leo, kwa sababu Rosine alitaka kaburi lake liwe mahali wapitapo watu wa bara. Ukienda Nyali utaliona kaburi hilo.

Kwa mtu aliyelelewa kungoja mwisho wa dunia, hapo palikuwa mahali pazuri sana pa kusema basi, imetosha, na tukae tungoje. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Kisha akarudi kwenye maneno yake.

Safari za miguu, na milima yetu

Miaka miwili alikuwa peke yake. Juni 1846 akaja mwenzake kutoka Württemberg, Johannes Rebmann, na Agosti 25 mwaka huo wakaanzisha makao Rabai, kwa ruhusa ya wazee wa pale. Siku ya kuhamia wote wawili walikuwa na homa, wakapokezana punda mmoja kupanda kilima.

Kutoka Rabai alitembea sana, na hapa ndipo anapofika kwetu. Julai 1848 alipita nchi ya Wadigo na milima ya Shimba akielekea Usambara kumwona Mfalme Kimweri huko Vuga. Ukisimama leo Kwale mjini ukatazama chini hadi baharini, unatazama nchi aliyoikatiza kwa miguu akiwa na daftari, akiuliza hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Mwaka 1850 akapanda mashua Mombasa na kushuka Pwani yote ya kusini, akapita maji ya Msambweni na Wasini, hadi Rasi Delgado kule Msumbiji.

Desemba 3, 1849, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Wasomi wa London walimcheka. Theluji kwenye ikweta? Walimwona mtu wa ndoto. Na usisahau: mwezi huohuo, Desemba 20, William Miller alifariki Marekani. Alikuwa amekiri kwamba hesabu yake ilikosea, ingawa hakuacha kuamini kwamba Kristo yu karibu.

Tofauti yao iko hapo. Dai la Krapf kuhusu mlima lingeweza kupimwa: nenda, tazama, rudi utuambie. Watu walikwenda, wakakuta theluji. Dai la Miller nalo lilipimwa na kalenda, likashindwa. Mtu mwaminifu hukubali kipimo. Utakayekutana naye kwenye simu, mara nyingi, tarehe yake ikipita atakwambia imani yako ilikuwa ndogo, au Mungu ameongeza muda, au kuna tarehe mpya. Hakuna siku atakubali kwamba amekosea.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Msafara ulivamiwa karibu na mto Tana, na mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, akauawa. Krapf alitoroka peke yake porini. Hakuwa na kibuyu, kwa hivyo alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Alitembea usiku, akajificha mchana, hadi akatokea kwa watu. Mtu huyu alikuwa anaamini mbingu iko karibu, lakini kufa hakukimbilia. Kiu ikimbana, anatafuta maji.

Lakini tusimfanye malaika

Nikikuachia hapa utadhani namsifu tu. Krapf alikuja na miwani yake. Waislamu wa Pwani aliwaona kama watu waliopotea, ingawa ndio waliompokea, wakamfundisha lugha na kumsaidia kutafsiri. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na mashairi makubwa yalikuwepo. Yeye akapigania herufi za Kirumi, na sababu yake mojawapo ilikuwa kuitenga lugha na Uislamu. Mijikenda aliwaita kwa jina la Wanyika, kama walivyoitwa na watu wa mjini, jina ambalo wazee wetu hawakulipenda. Na safari zake ziliwafungulia njia wengine waliokuja baadaye na bendera na bunduki.

Hata imani yake ya siku za mwisho ilichangia hapo. Mtu anayedhani muda umekwisha huwa na haraka ya kuwaokoa watu, na mwenye haraka hasikilizi vizuri. Krapf aliota mlolongo wa vituo vya wamisionari kutoka Mombasa kukatiza Afrika hadi bahari ya Atlantiki. Waliobatizwa wakati wake Rabai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole.

Ila kuna kitu kilichompunguzia haraka hiyo: lugha. Huwezi kuharakisha kamusi. Lazima ukae na mtu, umuulize, akucheke matamshi, urudie. Lazima ujue jina la kila samaki, kila mti, kila sehemu ya jahazi. Mtu anayeandika kamusi anakiri kila siku kwamba kuna jambo halijui, na kwamba aliye mbele yake, awe mvuvi au mkulima, ni mwalimu wake. Sioni dawa bora ya unabii wa tarehe kuliko hiyo.

Kurudi Korntal

Mwaka 1853 afya ilimshinda, akarudi Ulaya. Akaenda kuishi wapi? Korntal. Kile kijiji kilichojengwa na watu waliokuwa wakingoja mwaka 1836. Tarehe ilishapita, na kijiji kilikuwa kimebaki, kina shule na nyumba za kulelea watoto. Waliosema dunia inaisha waliishia kuwasomesha watoto wa wengine.

Alirejea Pwani mwaka 1862 kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanza Ribe, kisha akarudi tena. Miaka ya mwisho Rebmann naye akaja Korntal, amekuwa kipofu baada ya miaka 29 Afrika bila likizo hata moja, akafariki huko mwaka 1876. Krapf akabaki na karatasi zake, na maneno ya Kiswahili aliyoyakusanya tangu Mombasa.

Novemba 26, 1881, akiwa na miaka 71, alizungumza na rafiki kuhusu kurudi kwa Kristo. Alimwambia jinsi anavyohisi kwa nguvu kwamba Bwana yu karibu, na kwamba watu wautumie muda vizuri. Akaingia chumbani kulala. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Kwa hivyo hakubadilika. Tangu mahubiri yaliyomfukuzisha kazi akiwa kijana hadi usiku ule, aliamini mwisho uko karibu. Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa London. Maelfu ya maneno, mengi kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa na mwambao huu. Ndiyo iliyosomwa na waandishi wote wa kamusi waliomfuata.

Wewe sasa

Baada ya kifo chake tarehe hazikuisha. Uganda, kundi moja huko Kanungu liliwaambia watu dunia ingekwisha Desemba 31, 1999. Ilipopita, waumini wakaanza kuuliza, wengine wakitaka mali zao. Machi 17, 2000 mamia waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa. Hapa Kenya, Septemba 2006, kuna waumini wa dhehebu lililotoka Marekani waliojichimbia mahandaki kule Nyandarua wakingoja vita vya nyuklia vya tarehe 12. Vita havikuja. Kisha Shakahola.

Sikwambii uache kuamini. Ukiwa Mkristo, Injili yenyewe inasema siku na saa haijulikani hata na malaika. Ukiwa Mwislamu, na wengi wetu Kwale ndio tulivyo, unajua kwamba elimu ya Kiyama iko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Hata makanisa yaliyozaliwa kutokana na Masikitiko Makuu ya 1844, kama Waadventista Wasabato, leo yanafundisha kwamba Kristo anakuja lakini tarehe haiwekwi. Kwa hivyo anayekupa tarehe hakupi imani zaidi ya wazee wako. Anakupa kitu ambacho dini yako yenyewe imekikataa.

Chunguza anachokuomba baada ya tarehe. Anataka uache shule? Anataka kitambulisho chako, shamba la familia, simu yako? Anakukataza kumpeleka mtoto hospitali ya Msambweni? Anakwambia usimwambie mama? Anakuhamisha mbali na watu wanaokujua? Ukisikia hata moja kati ya hayo, usingoje la pili. Mwambie mzazi, imamu, mchungaji, chifu au mwalimu, yeyote aliye nje ya kundi hilo. Kama mtoto anafungishwa kula, hilo ni la polisi, leo hii.

Na kama wewe ndiye yule kijana aliyesoma, hana kazi, kichwa kimejaa, mkumbuke Krapf wa miaka ishirini na nne. Naye alikuwa hapo hapo. Kilichomtoa ni kazi ndefu ya kujifunza mambo ya watu wengine, neno moja kila siku, bila kujua kama ataimaliza.

Hakuimaliza kabla ya kufa, ila sisi tuliibaki nayo. Kesho asubuhi matatu ya kwanza itatoka Lunga Lunga kama kawaida. Kama una mtihani, panda.